Pingamizi la Mwanamke Aliyelowa

Uzi haukukatwa. Ungekuwa umekatwa, Sindano angelaumu panya, angetega mtego, na maisha yangeendelea. Lakini uzi wote wa turubai alilokuwa akilishona tangu mwanzo wa juma ulikuwa umefumuliwa tundu kwa tundu, kutoka pindo la kwanza hadi la mwisho, kisha ukaviringwa ukawa donge moja nadhifu na kuwekwa juu ya cherehani. Vipande vya turubai vilikuwa sakafuni, vimekunjwa vizuri. Alipolishika lile donge la uzi, lilikuwa limelowa chepechepe.

Alinusa vidole vyake. Vilinuka matope, na maji ya maua yaliyosahauliwa mezani mpaka yakaoza.

"Mke wangu!" mumewe akaita kutoka uani.

"Abee!"

"Turubai la boti liko tayari?"

Sindano aliangalia mlango wa karakana yake. Ulikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa shingoni mwake. "Bado kidogo," akajibu, kisha akakaa kwenye kigoda na kutunga uzi upya.

Watu walimwita Sindano kwa mambo mawili, kazi yake na ulimi wake. Alishona maturubai, mahema na viti vya magari, na hakuna aliyemfikia kwa mshono ulionyooka. Tena alikuwa na wivu. Tusifichane, maana bila wivu huo hadithi hii isingekuwepo. Mumewe akichelewa, alimnusa shati. Mumewe alipozoea kucheka na muuza vocha wa kona, muuza vocha yule alihamisha meza yake ng'ambo ya barabara bila kuambiwa. "Wivu si ugonjwa," Sindano alipenda kusema. "Wivu ni kufuli. Nani kati yenu analala mlango wazi?" Wanawake wenzake walicheka, kisha kila mmoja akaenda kumtazama mumewe vizuri.

Mume mwenyewe alijulikana kama Grisi, kwa sababu kucha zake hazikuwahi kuwa nyeupe. Alikuwa fundi wa injini za boti. Miaka yote alitengeneza boti za wenzake zinazovusha abiria, akaziangalia zikiondoka, akarudi nyumbani na harufu ya dizeli. Kisha mjomba wake akafariki na kumwachia boti. Ilikuwa boti ya mbao, ya zamani, nzito, yenye viti vya abiria pande mbili na ubao usioingia hata sindano. Kasoro yake ilikuwa moja. Haikuwa na hati, haikuwa na namba, haikuwa hata na risiti ya msumari. Mjomba alikuwa ameiendesha maisha yake yote kimyakimya, akivua na kubeba mizigo yake mwenyewe, na mtu akimuuliza karatasi alikuwa akitabasamu tu.

Kuvusha watu bila hati ni kutafuta jela, kwa hiyo Grisi alianza safari ya maofisini. Alitakiwa kula kiapo kwamba boti ni yake na kwamba hakuna mwingine mwenye haki juu yake. Alitakiwa kuleta shahidi aliyemjua mjomba. Mkaguzi aliipima. Halafu tangazo likabandikwa ukutani pale ofisini, kwamba yeyote mwenye pingamizi ajitokeze, na muda ukipita bila mtu kujitokeza, namba ichomwe kwenye mbao na hati itolewe.

Sindano alikuwa ameichukia boti ile tangu siku ya kwanza. Grisi aliisugua, akaipaka mafuta, akaizungumzisha. Alirudi nyumbani kachoka, anatabasamu peke yake. "Nimeletewa mkemwenza wa mbao," Sindano aliwaambia majirani, na majirani wakavunjika mbavu. Yeye hakucheka. Usiku mmoja akamwambia mumewe, "Jina langu liwe kwenye hati, pembeni ya lako. Na uliandike kwenye boti yenyewe, pale mbele, kila mtu alione."

Grisi alijikuna kichwa. "Jina lako limo moyoni mwangu, mke wangu."

"Moyo hausomeki. Usiandikie mate na wino ungalipo."

"Mjomba alikuwa na mambo yake kuhusu boti ile," Grisi akaanza kusema, lakini alipouona uso wa mkewe akanyamaza. Kesho yake alikula kiapo, majina yote mawili yakaandikwa, na jioni akachora kwa rangi nyekundu ubavuni mwa omo, pale mbele ya boti, kwa herufi kubwa: SINDANO. Turubai ndilo lilikuwa shukrani ya mkewe. Alikwenda mwenyewe kuipima boti, akakata kitambaa kizito kuliko vyote alivyokuwa navyo, akaanza kushona.

Sasa alilishona upya. Kulipokucha lilikuwa limefumuliwa tena, donge la uzi juu ya cherehani, maji yakichuruzika mpaka kwenye kanyagio. Hakumwambia mtu. Alishona mara ya tatu, meno ameyauma, akaacha pindo moja la mwisho kwa sababu macho yalikuwa yamechoka, akafunga kufuli na kulala na ufunguo mkononi.

Asubuhi turubai lilikuwa zima. Hata lile pindo alilokuwa ameliacha lilikuwa limeshonwa.

Alilipeleka dirishani. Mishono ya pindo lile ilikuwa midogo kuliko yake, imenyooka kuliko yake, imekaza sawasawa mwanzo mpaka mwisho kama iliyopigwa kwa rula. Alipitisha kidole. Hakuhisi hata kifundo. Grisi aliingia, akalitazama turubai lote, na mkono wake ukaenda kusimama palepale.

"Mke wangu, hapa umejizidi."

Mwanamke mwingine angepiga kelele na kukimbia. Sindano alihisi kitu kinamchoma chini ya titi, na hakikuwa woga. Mumewe hakuwahi kuusifia mshono wake kwa sauti ile. "Ahsante," akasema, akalikunja turubai kwa nguvu.

*

Muda wa tangazo ulipokwisha walikwenda ofisini pamoja. Grisi alitoka nje kutoa nakala ya kitambulisho, na Sindano akabaki dirishani na karani, kijana mwenye tai fupi na kikombe kikubwa cha chai.

"Mmebahatika," karani akasema. "Faili lenu ni safi. Ila kuna mtu alikuja kupinga."

"Mtu gani?"

"Mwanamke. Alifika kabla hatujafungua vizuri. Kalowa, mama, kalowa kuanzia kichwani, na nje kuna jua kali. Nikamuuliza una uhusiano gani na boti? Akasema yeye ni mke wa mwenye boti."

"Mke wa mwenye boti ni mimi."

"Ndiyo maana sikulipokea pingamizi lake. Nilimwomba kitambulisho, hana. Pingamizi bila kitambulisho si pingamizi, ni maneno tu. Nikamwambia nenda katafute. Akacheka." Karani aligonga kaunta. "Aliegemea hapa. Tumefuta mpaka tumechoka."

Palikuwa na alama ya maji, ya viwiko viwili na kifua. Karani alichukua kitambaa akaifuta, mbao ikakauka, na kabla hajakirudisha kitambaa chini alama ikajitokeza tena taratibu, viwiko kwanza.

Lakini Sindano hakuitazama. "Mzuri?" akauliza.

"Mama, mimi niko kazini."

"Nimekuuliza. Ni mzuri?"

Karani alitazama ndani ya kikombe chake. "Sana," akasema.

Grisi aliporudi na nakala zake, mkewe hakumwambia neno. Mwenye kufuatilia mwizi hapigi ngoma. Njia nzima alikuwa akijumlisha mwenyewe kichwani: kuchelewa, kutabasamu peke yake, na sasa mwanamke anakwenda kujiandikisha mke mchana kweupe. Usiku huo alijifanya amelala. Grisi alirudi akajitupa kitandani, na baada ya muda shuka ikaanza kupata baridi, halafu unyevu, mpaka Sindano alipopeleka mkono akakuta mgongo wa mumewe umelowa na nywele zake zinatona matone, ilhali alikuwa amelala palepale tangu alipoingia, akitabasamu gizani. Harufu ya matope na maua yaliyooza ilikuwa imejaa chumba kizima. Begani mwake palikuwa na unywele mmoja, mweusi, mrefu kuliko mkono wa mtu mzima. Sindano alilia mpaka alfajiri, bila sauti. Alilia kwa hasira, maana hata wakati huo aliamini ni mwanamke wa kawaida.

*

Jioni iliyofuata alichukua mkasi wake mkubwa wa kukatia turubai, akauficha chini ya khanga, akaenda kwenye yadi ya boti.

Yadi ilikuwa imetulia. Mafundi walikuwa wameondoka, na boti ya Grisi ilikuwa juu ya magogo, mbali na maji, turubai jipya limeshatandikwa juu yake. Jina lake pale mbele lilikuwa linang'aa. Aliligusa, na kidole kikatoka chekundu. Rangi iliyopakwa zaidi ya mwezi mmoja uliopita ilikuwa haijakauka.

Ndani ya boti, chini ya turubai, mumewe akasema polepole, "Mke wangu."

Sindano alifungua mdomo kuitika, kwa mazoea ya miaka yote.

"Abee," sauti ya mwanamke ikaitika kabla yake, laini, iliyojaa maji.

Alipanda ngazi na mkasi mkononi, akitukana kimoyomoyo, akiwa amekwisha kupanga neno la kwanza na pigo la kwanza, akafunua turubai kwa mkupuo mmoja na kumkuta Grisi amekaa kwenye kiti cha abiria peke yake, macho wazi bila kuona, suruali ameikunja, miguu yake ikiwa ndani ya maji meusi yaliyofika kwenye vifundo, maji yaliyokuwa yakichezacheza kwa mawimbi madogo ndani ya boti iliyokuwa juu ya magogo kwenye nchi kavu, na pembeni yake kwenye kiti palikuwa na alama ya mtu aliyekaa akiwa amelowa, mapaja mawili na kiganja kimoja, na wakati Sindano anaitazama alama ile ilisogea, ikamkaribia mumewe, na kiganja kikapanda juu ya goti lake na kuacha vidole vitano vya maji kwenye kitambaa.

Mkasi ulimponyoka. Ulizama kwenye maji ya kina cha kifundo cha mguu, na hakuusikia ukigonga sakafu.

"Pindo lile," ile sauti ikasema kutoka chini ya mbao, kwa upole wa jirani aliyekuja kuazima chumvi, "umelipenda?"

Sindano alimshika mumewe kwapani na kumvuta. Hakujua nguvu zilitoka wapi. Walianguka wote wawili mchangani, na alipotazama juu, turubai lilikuwa likijifunika lenyewe, pembe baada ya pembe, kama mtu anayejivuta shuka.

*

Jikoni, Grisi akiwa amefunikwa blanketi mbili na bado anatetemeka, walizungumza kwa kunong'ona, ingawa nyumba ilikuwa yao na hakuna wa kuwasikia.

"Mjomba aliniambia," Grisi akasema. "Siku zake za mwisho. Alisema, nakuachia boti uiendeshe, usiiandike. Ina mwenyewe. Na mwenyewe ana wivu."

"Na wewe ukaiandika."

"Nilidhani ni homa, mke wangu. Mzee hakuoa maisha yake yote, alikuwa analala kwenye boti. Nilidhani upweke umemchezea akili."

"Kwa hiyo zile karatasi hakuzikosa kwa uzembe."

"Hakuzitaka. Ndio yalikuwa makubaliano yao. Yeye aendeshe, asijiite mwenye mali." Grisi alikohoa, na maji yakamtoka mdomoni, meusi kidogo, akayafuta haraka kwa blanketi. "Mimi nimekwenda kuapa mbele ya watu kwamba hakuna mwingine mwenye haki. Halafu nikaandika jina lako kifuani pake."

Sindano alitaka kusema jambo kuhusu mate na wino, akakumbuka ni nani aliyelisema. Alinyamaza. Ilikuwa mara ya kwanza katika ndoa yao kwa Sindano kunyamaza kabla ya mumewe.

*

Mtu waliyeelekezwa kwake hakufanana na mganga. Alikuwa fundi wa mafriji, mwenye duka lililojaa mafriji yaliyofunguliwa milango. Kipaji cha kusikia majini alikirithi kwa bibi yake na hakukipenda. "Friji likigoma najua pa kugusa," alisema. "Hawa wengine unawabembeleza." Alikwenda nao mpaka yadi, akaizunguka boti bila kuigusa, akasikiliza ubavu wake kwa sikio kama anavyosikiliza mashine, akarudi na kujifuta uso.

"Huyu hakuwavamia," akasema kwa sauti ya chini. "Nyinyi ndio mmemvamia. Alitumia hata njia ya ofisi, mkamkatalia."

"Hana kitambulisho," Grisi akasema kinyonge.

"Mtoe, fundi," Sindano akasema. "Mfukuze."

"Nimfukuze kwake nimpeleke wapi? Sikiliza, dada. Akiendelea hivi, mume wako atakufa maji kitandani, na shuka mtaianika. Dawa ni kumrudishia chake. Futeni ombi ofisini. Wewe mwenyewe, kwa mkono wako, sugua jina lako mpaka liishe. Kisha ishusheni boti majini, muisukume, msimtukane, msidai kitu. Na msibakize chochote. Kila kilichopimwa kwa ajili ya boti ile ni chake, mpaka msumari, mpaka kamba."

"Chochote?"

"Jini mwenye wivu, usinikasirikie, ni kama wewe tu. Mwanamke akibaki na kitu cha mumeo nyumbani kwake, ungefanyaje?"

Sindano hakuhitaji kufikiri. "Ningekifuata."

"Basi umejijibu," fundi akasema.

Karani alipowaona wanaondoa ombi lao, aliweka kikombe chini. "Watu wanalia hapa kutafuta hati, nyinyi mnaikimbia?" Sindano alikuwa akitazama kaunta, zile alama za viwiko. Boti aliichukia, kwa hiyo kuitoa hakukumuuma. Jina lake pia angelisugua. Lakini turubai? Lile alilishona mara tatu. Vidole vyake vilitoka malengelenge. Na mwanamke yule aende zake akilikalia, akijifunika jasho la mwenzake, na lile pindo lililosifiwa libaki ushahidi kwamba kati ya wanawake wawili yeye Sindano ndiye asiyejua kushona?

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na huyu alikuwa amelisikia vizuri sana. Jioni ile alikwenda yadi mapema, kabla ya giza, akalifungua turubai lake, akatandika kuukuu la boti nyingine lililokuwa limetupwa. Turubai jipya akalipeleka nyumbani ndani ya gunia la vitambaa na kulisukuma nyuma ya kabati. Moyoni alisema, chombo ni chake, sawa. Mshono ni wangu.

Alfajiri waliishusha boti. Sindano alisugua jina lake kwa mafuta ya taa na mswaki wa waya, herufi baada ya herufi, mikono ikawa myekundu mpaka viwikoni. Grisi alisukuma huku akilia, kwa sababu mwanamume naye ana vitu vyake. Boti iliteleza. Hapakuwa na upepo, injini ilikuwa imezimwa, lakini ilikwenda, ikakata maji kimya na kunyooka kuelekea kwenye kina.

"Vyote vimo?" fundi akauliza.

"Vyote," Sindano akasema.

Mbali kidogo boti ilisimama. Iligeuka polepole, omo ikawatazama, ikakaa hivyo kwa muda kama abiria anayehesabu mizigo yake. Fundi wa mafriji alimtazama Sindano. Sindano alitazama miguu yake. Kisha boti ikageuka tena, ikaingia kwenye ukungu, na hawakuiona tena.

*

Grisi alipona. Kikohozi kilikwisha, mgongo wake ukakauka, akala mpaka akaongeza mkanda tundu moja. Alirudi kwenye injini za wenzake, na usiku alimshika mkewe mkono kama siku za mwanzo. Siku moja walikutana na karani sokoni, akawaambia ile alama kwenye kaunta imekauka yenyewe. Majirani walipomuuliza Sindano habari za mkemwenza wa mbao, alijibu, "Nimemtaliki," na safari hii alicheka pamoja nao.

Angeliacha turubai nyuma ya kabati, labda. Lakini lile pindo halikumpa usingizi. Kila alipokaa kwenye cherehani alilifikiria, na kila aliposhona mshono wake mwenyewe aliuona mpana, umepinda. Aliamua kulifumua. Aondoe mishono ile yote, apige yake, aliuze turubai kwa mtu wa mbali, yaishe.

Jioni moja, Grisi akiwa amekwenda kujinyoosha kidogo chumbani, alilitoa turubai kwenye gunia na kulitandaza chini ya taa. Alipitisha wembe chini ya mshono wa kwanza. Haukukatika. Akajaribu wa pili, wembe ukateleza. Akainama mpaka pua ikagusa kitambaa, akaona kwamba kile alichokuwa akikiita uzi siku zote hizo hakikuwa uzi, kilikuwa unywele, mweusi, mmoja, umepita tundu zote za pindo kutoka mwanzo hadi mwisho bila kuungwa, na alipoushika ncha na kuuvuta ulikuja bila kugoma, ukiwa umelowa, ukaja na kuja na kujikunja mapajani mwake, mrefu kuliko pindo lenyewe, mrefu kuliko turubai, na maji yakaanza kutona kutoka kwenye matundu yaliyobaki wazi, na harufu ya matope na maua yaliyooza ikapanda kutoka sakafuni, ikampita, ikaelekea kwenye korido, na alipotaka kuuachia ule unywele aliona kwamba si yeye tena anayevuta, ulikuwa ukienda wenyewe, ukipita kati ya vidole vyake, juu ya kizingiti, kuelekea chumbani.

"Mke wangu!" Grisi akaita, kwa sauti ya usingizi.

Sindano alifungua mdomo. Ulimi ule uliowahamisha watu barabarani haukutoa hata pumzi.

"Abee," mwanamke akaitika kutoka kitandani.

Na Grisi, kwa ile sauti ya chini aliyokuwa akimwekea Sindano peke yake, akasema, "Njoo karibu. Mbona leo umekawia?"